Silabi Iliyobaki Chini

"Mjomba, sisi tunatoroka," mpwa wangu alisema, akazipanga picha tatu juu ya meza yangu kama mtu anayegawa karata.

Nilikuwa nachonga muhuri. Ndiyo kazi yangu: mihuri ya mpira, herufi ninazikata kinyumenyume kwa wembe ili zikigongwa kwenye karatasi zisomeke sawasawa. Asubuhi ile nilikuwa kwenye neno IMEPOKELEWA. Niliposikia "tunatoroka" wembe uliteleza ukala mguu wa K. Muhuri mzima ukawa wa kutupwa.

"Neno hilo halitamkwi hapa," nikamwambia.

"Ndiyo maana nimelitamka."

Nyuma yake alisimama mchumba wake, kijana mrefu anayepiga picha za pasipoti karibu na posta. Mji mzima unamwita Usicheke, kwa sababu ndilo neno analomwambia kila mteja kabla ya kubonyeza. Aliniamkia kwa adabu zote, akabaki wima ingawa kiti kilikuwepo.

Mama yake Usicheke ameikataa ndoa hii. Hakuikataa kwa ajili ya sura wala tabia. Mpwa wangu anafundisha sarufi, watoto wa mtaa mzima wamepita mkononi mwake, na hakuna aliyewahi kuleta neno baya. Mama huyo alikuwa na neno lake moja tu: mtoro. Mtoto wa mtoro, alisema, siku moja atamtoroka mwanangu.

Neno hilo hakulitunga yeye. Lilitungwa na kampuni ya machimbo ya mawe miaka ishirini na miwili iliyopita, siku ya Jumatano, kwa wino wa bluu, mbele ya majina manne katika daftari la mahudhurio. Ametoroka. Ametoroka. Ametoroka. Ametoroka. Jina la tatu ni la shemeji yangu, baba wa binti huyu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minne na hajui kufunga kiatu. Rangi ya wino naijua kwa sababu niliiona. Mimi sisahau. Watu husema nina kinyongo. Sawa, ninacho. Nakilisha asubuhi na jioni, na kimenenepa.

Shule sikwenda. Kusoma nilijifunza kwenye matangazo ya kampuni yaliyobandikwa langoni. Neno la kwanza nililoweza kulisoma peke yangu lilikuwa HATARI, la pili MARUFUKU. Kwa elimu hiyohiyo nimeandika vipeperushi miaka yote hii, nikavigawa sokoni, makanisani, misikitini, kwenye foleni za hospitali, nikisema wale wanne hawakutoroka. Walikuwa chini baruti ilipolipuka. Jiwe liliwafunika, chemchemi ikapasuka, shimo likajaa maji kwa siku tisa, na kampuni ikaona njia nyepesi ya kuwazika ni kwa neno moja la daftarini.

"Chagua, mjomba," mpwa wangu alisema. "Msajili wa ndoa amekubali kutufuata popote. Sheria inataka milango iwe wazi, akasema nje hakuna mlango, kwa hiyo sheria imeridhika. Tunachotafuta ni mahali pazuri na mashahidi wawili."

Picha ya kwanza ilikuwa ya maporomoko ya maji, yamejaa watu waliokunja suruali. Ya pili ilikuwa ya kilima chenye mnara wa simu katikati ya kichwa kama sindano. Ya tatu ilikuwa ya ziwa. Maji ya kijani yasiyo na hata kunyanzi moja, na ng'ambo yake ukuta wa jiwe uliokatwa ngazi kwa ngazi, kila ngazi yenye kimo cha mtu na nusu.

Sikuhitaji kuambiwa ni wapi. Ngazi zile nimezikata mimi.

"Hapo ndipo tulipopapenda," Usicheke alisema, sauti yake imechangamka kwa mara ya kwanza. "Mwanga wa pale, mjomba, ni kama umechujwa. Upepo hakuna. Nimekaa saa mbili sijaona ndege hata mmoja akikatiza. Picha zinatulia zenyewe."

Alisema hivyo kama sifa.

Nilivaa miwani. Kwenye ngazi ya juu kabisa ya ukuta kulikuwa na madoa manne meusi, yamesimama sambamba.

"Haya ni nini?"

"Unyevu tu. Ukuta unavuja." Alitoa picha nyingine mfukoni. "Hii niliipiga Jumapili iliyofuata. Unaona? Unyevu unashuka."

Madoa yalikuwa ngazi ya tatu sasa. Yalikuwa bado manne, na kimo chake kilikuwa kilekile.

"Unyevu ukishuka huacha njia," nikasema. "Hapa juu pamekauka."

Usicheke akaichukua picha, akaitazama kwa karibu, akairudisha mfukoni.

Mpwa wangu hakuwa anatazama picha. Alikuwa ananitazama mimi. "Mama mkwe anasema vipeperushi vya mjomba si ushahidi. Anauliza, huyo mjomba wako anajuaje kwamba walikuwa chini? Aliwaona? Nikafungua mdomo kumjibu, nikakuta sina jibu. Unajuaje, mjomba?"

"Najua."

"Sikuuliza kama unajua."

Ndiyo shida ya kuwa na mwalimu wa sarufi katika ukoo. Nikashika wembe, nikajifanya naitafuta K.

"Alhamisi, saa nne asubuhi," akasema. "Ni pale ziwani. Njoo uwe shahidi wangu. Sitaki kuingia katika ndoa hii bila kujua mimi ni binti wa nani: wa mtu aliyetukimbia, au wa mtu aliyeuawa. Ukija, nitajua. Usipokuja pia nitajua kitu."

Nilikwenda. Nilivaa shati jeupe na viatu vya mazishi, kwa sababu ndivyo viatu nilivyo navyo.

Langoni kampuni imepanda nyasi na kusimamisha kibao: ZIWA LA UTULIVU. MAZINGIRA HAYA YAMEREJESHWA. KUOGELEA KUMEKATAZWA. Mpwa wangu alisimama akakisoma, gauni lake la rangi ya maziwa limekunjwa mkononi lisiguse vumbi.

"Vitenzi viwili, havina wenyewe," akasema.

Mimi ndiye niliyemfundisha hilo akiwa na miaka tisa, kabla mwalimu yeyote hajamfikia. Ukisoma tangazo la wakubwa, nilimwambia, tafuta kitenzi kisicho na mwenyewe. Kazi zimepunguzwa: nani kapunguza? Makosa yalifanyika: aliyafanya nani? Humo ndimo wanamojificha.

Mlinzi wa pale alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mgongo ameupa ziwa. Usicheke alimwomba awe shahidi wa pili. Alikubali bila kubembelezwa, akatoa sharti moja.

"Nitasimama nimegeukia lango. Halafu msiite."

"Tusimwite nani?" Usicheke akauliza.

"Msiite tu. Wageni wakifika hapa wana tamaa ya kupiga kelele wasikie mwangwi. Mimi nina miaka sita hapa. Nikisikia chochote, siitiki." Akakuna shavu. "Hongereni lakini. Gauni zuri."

Tulishuka hadi ukingoni. Ilikuwa saa tatu na nusu, jua liko wazi, na sikuona kivuli cha kitu chochote ndani ya maji yale. Anga halikuwemo. Ukuta haukuwemo. Palikuwa na ukijani mtupu, kama kioo kilichopakwa rangi kwa nyuma.

Usicheke alianza kazi yake, maana kuchagua mahali hakujaisha mpaka umechagua jiwe la kusimamia. Alimsogeza mpwa wangu kushoto, akamrudisha kulia, akapiga magoti, akafumba jicho moja. Kisha akaishusha kamera.

"Madoa hayapo," akasema.

Alitoa ile picha ya Jumapili, akailinganisha na ukuta. Ngazi zote, kuanzia juu mpaka zinapoingia majini, zilikuwa kavu na nyeupe kama mifupa iliyooshwa.

"Basi yamekauka," mpwa wangu akasema.

"Basi," akaitikia Usicheke, na akakaa kwenye benchi refu la mbao ambalo kampuni imeliweka pale kwa ajili ya wapenda mandhari. Akasimama hapohapo, akajishika nyuma ya suruali. Ilikuwa imelowa. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki tano. Tukalitazama benchi. Lilikuwa limelowa sehemu nne, zimeachana kwa nafasi ileile wanayoachiana wanaume wanapokaa bila kugusana magoti. Upande wa mwisho, karibu nasi, palikuwa pakavu.

Usicheke, kijana wa watu, alifanya kile ambacho mtu hufanya akitaka kuvunja ukimya. Alipiga makofi, akaita, "Haloo."

*Loo, loo,* ukuta ukajibu, safi kabisa, na akacheka kidogo, yeye anayekataza watu wasicheke.

"Umeona? Msajili hata akinong'ona tutamsikia."

Hapo mpwa wangu akavua viatu vyake vya harusi, akapanda juu ya jiwe lililochaguliwa, akaniangalia mimi, na bila kuondoa macho akaita kwa nguvu zake zote:

"Kuna mtu?"

*Tu,* ukuta ukasema. *Tu.*

Nilikaa chini kwenye changarawe na viatu vyangu vya mazishi.

Acha nieleze, kwa sababu aliyewahi kufanya kazi machimboni ataelewa, na asiyewahi anastahili kuelewa. Kabla ya kulipua, mtu mmoja husimama ukingoni ameshika kamba ya bendera. Anaitwa mpiga mbiu. Bendera ikiwa juu, hakuna kulipua. Mpiga mbiu anaita mara tatu: Kuna mtu? Asipojibiwa, anaiteremsha, na fundi baruti anawasha utambi. Aliye chini anatakiwa kujibu "Tupo". Si "nipo", hata kama ni mmoja, kwa sababu kushuka peke yako kulikuwa marufuku. Tupo. Ndilo lilikuwa jibu, na tulilifundishwa siku ya kwanza kabla ya kupewa nyundo.

"Kipeperushi cha kwanza kabisa," mpwa wangu alisema akiwa juu ya jiwe, "nilikisoma nikiwa darasa la tatu. Nakikumbuka chote. 'Mbiu ilipigwa. Jibu halikusikilizwa. Bendera iliteremshwa.' Vipeperushi vyote vinasema hivyohivyo, mjomba. Iliteremshwa. Nimekisahihisha kichwani mwangu miaka yote hii kama daftari la mtoto."

"Shuka, utateleza."

"Iliteremshwa na nani?"

Usicheke alitazama kamera yake kana kwamba imeharibika.

"Na mimi," nikasema.

Hakushuka. Nikaendelea, maana nilijua nikinyamaza sasa nitanyamaza mpaka naingia kaburini.

"Ilikuwa wiki yangu ya mbiu. Niliita mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu nikasikia 'tu'. Nikamgeukia msimamizi, nikamwambia, kuna mtu, nimesikia tupo. Alikuwa na saa mkononi. Akasema, umesikia 'po'? Nikasema hapana, nimesikia 'tu'. Akasema, basi hiyo ni 'mtu' yako mwenyewe inakurudia. Teremsha. Na kweli 'po' sikuisikia. Upepo ulivuma wakati huohuo. Nikasimama pale nikiisubiri, labda kwa pumzi mbili. Ningeweza kusubiri tatu. Kampuni ilikuwa na haraka, msimamizi alikuwa na saa, wale wanne walitumwa chini kuchukua mashine bila kuandikwa. Haya yote ni kweli, nimeyaandika na nitayaandika tena. Lakini kamba ilikuwa mkononi mwangu."

"Mama alikataa kuhama nyumba ile," mpwa wangu alisema taratibu. "Paa linavuja, kuta zinabomoka, alikataa. Alisema baba akirudi atapotea. Amekufa humo."

"Najua."

"Ulikuwa unakuja kula kwetu kila Jumapili."

"Najua."

"Ulikuwa unakaa kiti chake."

Msajili alifika wakati huo, mwanamke mnene mwenye miwani ya mnyororo, akilalamika kuhusu changarawe na visigino. Aliliendea benchi moja kwa moja.

"Nani kamwaga maji hapa?" akauliza. Kisha akajibanza ule upande mkavu, mkoba mapajani, kama mtu aliyewakuta wenzake wameshakaa. Akatoa fomu. Mlinzi naye alishuka, akasimama kama alivyoahidi, uso langoni.

"Tuanze na taarifa. Jina la baba wa bi harusi ninalo. Hapa panasema: Yupo, Hayupo. Kata isiyohusika." Akamnyooshea mpwa wangu kalamu.

Mpwa wangu hakuipokea. "Nipe dakika, mama." Akanigeukia mimi. Macho yake yalikuwa makavu, na sauti yake ilikuwa ile anayoitumia darasani. "Simama. Ita wewe. Ita kama ulivyoita, mara tatu. Na safari hii usubiri."

"Binti yangu..."

"Mimi si binti yako. Ita."

Mlinzi alitikisa kichwa akiwa amegeukia kule. "Niliwaambia," akasema chini kwa chini. "Niliwaambia kabisa."

Mpwa wangu akashuka hadi ukingo wa maji, nami nikapanda lile jiwe. Mkono wangu wa kulia ulijikunja wenyewe, ukashika kamba isiyokuwepo. Sikuwa nimeita mbiu tangu siku ile, na nilidhani sauti imenikimbia, lakini ilitoka nzima, ya kijana wa miaka thelathini.

"Kuna mtu?"

*Tu. Tu.*

"Kuna mtu?"

*Tu. Tu.*

"Kuna mtu?"

*Tu.*

Safari hii ilikuwa moja tu, na ilikatika kama imeshikwa mdomo. Maji hayakutikisika. Nilimsikia msajili akifunua mkono wa blauzi yake aitazame saa.

"Jamani, nina ndoa nyingine saa sita," akasema. "Hiyo ni sauti yenu inarudi. Tunaweza kuendelea?"

"Bado," nikasema.

Ni neno dogo sana. Nimelibeba miaka ishirini na miwili likiwa na uzito wa tani, na lilipotoka halikuwa na uzito wowote. Nilivuta pumzi ya kwanza. Nikavuta ya pili. Usicheke alikuwa amemshika mpwa wangu mkono, wote wawili hawapumui. Nikavuta ya tatu.

*Po.*

Haikutoka ukutani. Ilitoka chini, karibu, usawa wa magoti yetu, kwa sauti nyingi zilizosemwa pamoja kwa utulivu, kama watu wanaomalizia sentensi waliyokatizwa. Msajili alihama benchi kwa wepesi ambao sikuutarajia, mkoba na kalamu vikamdondoka. Mlinzi hakugeuka, ila aliinamisha kichwa na kuvua kofia. Katikati ya ziwa likazuka duara moja, likapanuka polepole bila haraka yoyote, likafika ukingoni, likagusa vidole vya miguu vya mpwa wangu pale alipokuwa amesimama peku, likarudi.

Mpwa wangu akainama, akaokota kalamu iliyoanguka, akaipangusa kwa gauni lake.

"Lete fomu, mama."

Msajili alimpa kwa mbali, amenyoosha mkono wote. Mpwa wangu alikata *Hayupo*. Akalitazama neno *Yupo*, akalikata nalo. Juu yake, kwa mwandiko wake wa ubaoni, akaandika: *Yumo*.

"Fomu haina nafasi ya hilo," msajili akasema kwa sauti iliyokauka. "Yumo wapi?"

"Humu," mpwa wangu akajibu, akayaonyesha maji kwa ncha ya kalamu.

Msajili aliyatazama. Aliitazama fomu. Halafu, na kwa hili namheshimu mpaka leo, akagonga muhuri wake pembeni ya neno lile kuonyesha kwamba sahihisho limekubaliwa. Ulikuwa muhuri wangu. Niliijua ile P yenye kasoro.

Wakaoana. Ilichukua dakika sita. Msajili alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, sote watano tulisubiri, na tulisubiri vizuri, hadi akasema mwenyewe, "Nadhani hakuna." Usicheke alipiga picha moja tu na hakumwambia mtu asicheke.

Nilipoletewa kalamu, mpwa wangu alisimama mbele yangu. Kwa karibu hivyo alifanana na baba yake kiasi kwamba nilitazama chini.

"Saini yako nitaipeleka kwa mama mkwe leo leo, mkononi. Aisome yote. Kwa hiyo iandike kamili." Akaninyooshea fomu. "Halafu Jumapili usije. Nitakuita mimi, siku nikiweza. Nikikuita, uitike."

"Nitaitika."

Wino ulikuwa wa bluu. Penye jina la shahidi nikaandika jina langu. Penye uhusiano na bi harusi nikaandika *mjomba*, nikaweka mkato, na baada ya mkato nikaandika *mpiga mbiu*.

Nilipogeuka niondoke, benchi lilikuwa limekauka mwanzo hadi mwisho. Mlinzi alikuwa amelikalia, uso wake ziwani, kofia mapajani.